Mtani Hajibiwi

Kabla sijaona chochote, nilisikia mtu akianguka. Haikuwa sauti ya gunia linalotupwa wala ya nazi inayodondoka. Nilikuwa nimeshakaa Temeke muda wa kutosha kuzijua hizo. Ilikuwa sauti nzito yenye pumzi ndani yake, kana kwamba ardhi imepigwa ngumi ya tumbo. Nikasimama njiani na baiskeli yangu. Nyuma ya ua wa makuti hapakuwa na kicheko wala shangwe, na hilo ndilo lililonitia shaka. Watu wakipigana mieleka hushangilia, na wakipigana kwa ugomvi hutukana. Pale palikuwa kimya, kisha ikaja sauti moja ya mtu mzima, ya chini, isiyo na haraka:

"Achia."

Mtu akaanguka tena. Kimya. "Achia."

Nilidhani wanamtesa mwizi. Nikaegemeza baiskeli, nikatia jicho kwenye upenyo wa makuti. Niliona turubai la jeshi lililotandikwa juu ya magunia yaliyojazwa sufi, vijana waliovua mashati wamekaa kulizunguka kama watu walio kwenye somo la dini, na katikati mwanamume mfupi, mpana, aliyekuwa amenipa mgongo. Masikio yake yalikuwa yamejikunja kama uyoga unaoota kwenye gogo.

"Anayechungulia aingie au aende zake," alisema bila kugeuka. "Makuti yangu si pazia la sinema."

Nikaingia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na badala ya kuniuliza jina akaniambia nimwonyeshe viganja. Akavishika, akavileta puani, akavinusa.

"Mbona unanusa, mzee?"

"Mtu akija hapa ana mafuta ya nazi mikononi, ama anatoka kula ama anakuja kunidanganya." Akanusa tena. "Wewe una wino. Wino hautelezi. Vua shati."

Ndivyo nilivyompata mwalimu wangu, au ndivyo alivyonipata yeye. Ilikuwa miaka kadhaa baada ya Vita vya Pili. Nilikuwa nimeshuka kutoka bara na cheti changu cha shule ya misheni, nimepata ukarani kwenye ghala moja karibu na bandari, nimepanga chumba cha uani Temeke kwa mama mmoja aliyefuga bata. Mji ulikuwa umejaa watu waliotoka mahali fulani na wasiopenda kusema kwa nini walitoka. Kazini tulihesabu mizigo na kuchunguzana mifuko. Jioni nilirudi nikiwa nimechoka kwa kutomwamini mtu yeyote mchana kutwa, na pale kwenye ua ule, ajabu, nilipumzika, ingawa mwenye ua mwenyewe hakumwamini mtu. Mtungi wa maji aliufunika kwa sahani na juu ya sahani akaweka jiwe. Kila jioni alinusa viganja vyetu vyote, hata vya wale aliowafundisha miaka.

Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. La pili lilikuwa kuachia, na hilo halikwisha. Unamshika mwenzako, unamkaza, unakaribia kumweka chini, na yeye anasema "achia", nawe lazima mikono yako ifunguke papo hapo, hata kama ushindi umeshauonja ulimini. Kijana mmoja, mpakuaji wa bandarini mwenye shingo ya fahali, alimnung'unikia siku moja:

"Mwalimu, sie tunataka kushika. Kuachia hata mtoto anajua."

"Kinyume chake," akasema. "Kushika kila mtu anajua tangu ziwa la mama yake. Kuachia ndiko kunakofundishwa."

"Na mtu wa Kinondoni akinishika, naye ataniachia?"

"Hiyo ni shauri ya mwalimu wake."

Vijana wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla. Nilikuwa mgeni, sikujua ni kitu gani kilichokizima kicheko.

Mchezo aliotufundisha haukuwa mieleka ya pwani, ambayo mgongo ukigusa mchanga tu umeshindwa. Huu ulimruhusu mtu kushika miguu, kupiga ngwala, kujiviringisha, na haukwisha mpaka mabega yote mawili yakae chini pamoja. Aliuita mieleka huru. Aliuchukua vitani, Bara Hindi, kambini, kutoka kwa sajini mmoja Mzungu na wapiganaji wa Kihindi waliochimba uwanja wao na kuulainisha kwa samli. Alipoanza kufundisha aliandika maneno hayo mawili kwenye ubao na kuutundika njiani. Tarishi akaja kutoka bomani. Akasema mieleka imeruhusiwa, lakini lile neno jingine, bwana mkubwa anataka kujua lina maana gani. Mwalimu akachukua lami akalifuta. Ubao ukabaki na neno MIELEKA na doa jeusi kando yake, na kila aliyepita alijua doa lile linasomwaje.

Maisha yake aliyatoa vipande vipande, jioni, wakati akituchua mabega kwa kiganja kikavu. Alikuwa Mnyamwezi. Alianza mieleka kwao baada ya mavuno, akashuka pwani kukata mkonge, akakimbia mkonge akaingia bandarini, bandarini akachukuliwa jeshini. Aliporudi kutoka vitani hakuna mtu mjini aliyeweza kumweka mabega chini. Walikuja mabaharia, walikuja polisi, alikuja Mgoa mmoja aliyekunja misumari kwa vidole. Aliyasimulia hayo yote kwa raha. Halafu alifika mahali pa pambano lake la mwisho, na pale kila mara alikumbuka kwamba kuku wake hawajafungiwa.

Pambano hilo nililisikia kwa wengine. Alipigana na kijana wa Kinondoni, mbele ya umati. Alikuwa ameushika mkono wa yule kijana kwa nyuma, ameupandisha, bega moja limeshakaa chini na la pili linafuata, mwamuzi ameshapiga magoti aangalie. Kisha, bila kuguswa na mtu, mwalimu akafungua mikono. Kijana akageuka kama samaki, akamweka chini, mabega mawili. Tangu siku hiyo hakupigana tena. Alijenga ua wa makuti akaanza kufundisha.

"Alimwachia," watu walisema.

Lugha yetu ina neno hilo moja kwa mambo mawili. Unamwachia mtu mkono wake, na unamwachia mtu ushindi. Kila aliyenisimulia alilitamka lilelile, na nilipomtazama usoni nijue anamaanisha lipi, alitazama pembeni.

Kwa muda nililichukua lile la kwanza, kama walivyodai wachache, kwamba alisikia bega la kijana likilia, linakaribia kung'oka, ndipo akaachia. Nilikuwa kijana, nimeshaanza kuandika hadithi nyuma ya karatasi za ghala, na nilitaka mwalimu wangu awe mtu mkubwa. Halafu kaka yake akafa.

Marehemu alikuwa akilima mihogo Kinyerezi, na wakati ule Kinyerezi ilikuwa msitu wenye vinjia. Tulikwenda sote, wanafunzi wake, na pamoja nasi mwenyekiti wa chama chetu cha mieleka. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa bara kama mimi, wa upande wetu wa milimani, mwenye miwani na viatu vilivyong'arishwa ambavyo siku ile vilijaa mchanga. Yeye ndiye aliyejua Kiingereza cha kuandikia bomani, kwa hiyo kibali cha ua ule kilitolewa kwa jina lake. Turubai lilikuwa la mwalimu. Ruhusa ya kulitandika ilikuwa ya mwenyekiti.

Tulifika maiti ikiwa bado ndani. Wanawake walikuwa wakilia. Mara akatokea bibi mmoja wa Kizaramo niliyemjua vizuri, kwa kuwa aliuza vitumbua karibu na kota na alinikopesha nilipokuwa sina. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu na kofia ya marehemu, akitembea kwa kuchechemea kama marehemu alivyochechemea. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka. Akajilaza mlangoni, palepale ambapo jeneza lingepita.

"Sitoki hapa! Mie ndiye marehemu, nasema sitoki mpaka nipate jogoo!"

"Toka, mtani, watu wazike!"

"Watazika nini na mie nimelala hapa? Leteni jogoo!" Kisha akainua kichwa akamwona mwalimu. "Na nyie mnamlilia huyu wa ndani kwa lipi? Mlilieni ndugu yake! Huyu wa ndani kafa mara moja. Huyu mgongo wake ulikufa zamani, kauuza kwa doti ya kanga! Mie nilikuwepo, kwa macho haya haya!"

"Kanga gani, mtani?" mtu akapiga kelele kutoka uani.

"Nyekundu! Na imeandikwa: mkono mtupu haulambwi!"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mwalimu alicheka mpaka machozi, na kwa kuwa alikuwa tayari ana machozi, sikuweza kujua yapi ni yapi. Akaenda bandani, akarudi na jogoo, akamkabidhi yule bibi kwa mikono miwili. Bibi akainuka, akajipangusa vumbi, akavua kanzu, akaanza kulia kilio cha kweli. Jeneza likatoka.

Mimi na mwenyekiti tulikuwa tumesimama kando ya mihogo. Sisi wawili ndio pekee ambao hatukucheka.

"Umesikia?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimesikia."

"Kwetu mtu akisema neno mbele ya maiti, neno hilo haliondoki."

"Hata kwetu."

"Na yeye hakukana."

"Hakukana," nikasema.

Msomaji wa pwani atatushangaa. Atasema, hawa watu wazima hawakujua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwamba mtani kazi yake msibani ni kutukana, kunyang'anya na kuchekesha ili huzuni isiwaue walio hai, na kwamba mtani akikutukana huwezi kukasirika wala kujibu kama mshitakiwa? Neno utani tulilijua. Tulidhani ni mzaha wa njiani, wa kuombana tumbaku. Hatukujua kwamba unaweza kuingia mpaka kwenye mlango wa maiti. Kwetu milimani mlango huo ni mahali pa kiapo. Mtu mwenye ugomvi juu ya shamba huenda kusema pale, mbele ya jeneza, na hakuna anayethubutu kudanganya. Basi kile ambacho Kinyerezi nzima ilikisikia kama kicheko, sisi wawili tulikisikia kama ushahidi wa kiapo.

Yule mpakuaji wa bandarini alinieleza njiani tulipokuwa tukirudi. "We karani vipi? Yule mtani wake! Angesema kauza mama yake mngeamini?"

"Lakini pambano lilikuwepo kweli," nikamwambia. "Na alimwachia kweli."

"Hilo lilikuwepo," akasema, akatangulia mbele njiani.

Tangu hapo shaka iliota ndani yangu kama magugu baada ya mvua. Nang'oa moja, asubuhi yako mengine. Nilianza kumsoma mwalimu upya. Kwa nini hunusa viganja vya watu? Labda mwizi ndiye anayechunga mlango kuliko wote. Kwa nini jiwe juu ya mtungi? Kwa nini kuachia, kuachia, kila jioni kuachia, kana kwamba anataka kutufanya sote tuwe kama yeye, ili siku moja pasiwe na wa kumlaumu? Aliponichua bega nilihisi vidole vyake vikitafuta kitu. Nilimtazama mwenyekiti pia. Alikuwa na mpwa wake polisi aliyejifunza mieleka kambini, na watu walinong'ona kwamba mpwa huyo anatafutiwa ua. Siku hizo sikumwamini mtu yeyote mwenye mikono miwili.

Idi ilikuwa inakaribia, na Idi tulikuwa na mashindano na Kinondoni. Mwalimu alinichagua mimi nipambane na mtu wao mwenye nguvu kuliko wote. Na aliyewafundisha Kinondoni sasa alikuwa nani? Yule kijana wa zamani, aliyeshinda siku ile. Amekuwa mtu mzima, ana ua wake karibu na njia ya Msasani. Mwenyekiti alinisubiri nje ya ghala jioni moja akatembea nami huku nikisukuma baiskeli.

"Mtu aliyeuza mgongo wake mwenyewe," akasema, "atashindwa kuuza wako?"

Akaniambia Jumapili baada ya ibada kutakuwa na kikao nyumbani kwake. Mwalimu ataulizwa. Akijitakasa, atabaki. Asipojitakasa, kibali kitarudishwa bomani na ua utavunjwa, au atafutwe mtu mwingine wa kuufundisha. Alisema "mtu mwingine" huku akiangalia mbali.

Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa mojawapo ya zile mpya za saruji, yenye mlango mzito wa mninga aliouleta kutoka kwao na aliojivunia sana. Mlango huo ulikuwa na desturi moja: ukiuachia, ulijirudisha wenyewe na kujibamiza hadi vikombe kabatini vikalia. Sebuleni kulikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma. Sisi vijana tulikaa mkekani. Mwalimu alipewa kiti, akakaa pembeni kabisa ya kiti hicho, kofia yake magotini. Halafu akaingia yule bibi, na sinia la vitumbua kichwani.

"Hodi wenyewe! Nimeambiwa kuna mkutano, nikasema mkutano wa watu wazima usiokuwa na kitumbua ni matanga." Akamwona mwalimu. "Aa, na Mnyamwezi yupo! Mficheni viti, atabeba kichwani mpaka Tabora!"

Hakuna aliyecheka isipokuwa mwalimu. Bibi akashusha sinia polepole.

"Mama," mwenyekiti akasema, "siku ile Kinyerezi ulisema huyu bwana aliuza pambano kwa doti ya kanga. Tunataka kujua. Ni kweli au si kweli?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za chumbani kwake. "Baba, mie nilikuwa natania."

"Kwa hiyo ulisema uongo."

"Sikusema uongo."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Wee mwalimu wa watoto! Nimekwambia nilikuwa natania. Utani hauna kweli hauna uongo. Kwani mie nilikuwa marehemu, nilipovaa kanzu yake?"

"Doti ya kanga uliiona, au hukuiona?"

Bibi akamtazama mwalimu akimwomba msaada. Mwalimu alikuwa akiitazama kofia yake.

"Niliiona," akasema mwishowe. "Mama yake yule kijana aliileta. Lakini aliileta kushukuru, baba. Kijana alikuwa mpakuaji, mkono wake ungevunjika wangekula nini? Aliileta baadaye."

"Baadaye lini?"

"Mie nauza vitumbua, sishiki saa."

"Na huyo mama yuko wapi?"

"Kafa, Mungu amrehemu."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta. "Shahidi aliye hai anasema hajui lini. Shahidi anayejua amekufa. Na bwana huyu siku ile alisikia yote akacheka, akatoa jogoo." Akamgeukia mwalimu. "Mzee wangu, sisi tunakuheshimu. Tujibu tu. Ulipokea kabla au baada?"

"Mtani hajibiwi," mwalimu akasema.

"Nakuuliza mimi, si mtani."

"Neno ni lake. Nikikujibu wewe, nimemjibu yeye. Nikisema baada, nimemwita mtani wangu mwongo msibani kwa ndugu yangu."

"Mtani!" bibi akalia. "Jibu tu! Mie nakuruhusu, naondoa neno langu!"

"Halina pa kuondokea," akamwambia kwa upole. "Ulishalipwa jogoo kwa hilo."

Mwenyekiti akatikisa kichwa. Alisema shahidi anayefuta maneno yake ghafla, mtu huanza kujiuliza ameahidiwa nini. Bibi akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Mpakuaji akasema, basi aulizwe yule wa Kinondoni mwenyewe. Mwenyekiti akamjibu kwamba mnunuzi hawi shahidi wa muuzaji. Kila mlango uliofunguliwa, yeye alikuwa ameshauwekea mguu.

Nakiri kwamba nilimwelewa. Nilimtazama mwalimu nikawaza: utani ni ua mzuri sana wa makuti, mtu aliye nyuma yake haonekani wala halazimiki kutoka. Kama ningekuwa nimeuza mgongo wangu, nami ningejificha pale pale.

"Kuna jambo jingine silielewi," mwenyekiti akaendelea. "Husemwa eti bega lililia ndipo ukaachia. Bega linaliaje? Umati wote ulikuwepo, mwamuzi amepiga magoti, hakuna aliyesikia kitu. Hebu tuonyeshe. Mshike huyu karani, kama ulivyomshika yule."

Mwalimu kwa mara ya kwanza alionekana kutishika. "Hilo si la kuonyeshana sebuleni."

"Basi hakuna cha kuonyesha."

Nikainuka mwenyewe. Sikuinuka kwa kumpenda, nilitaka kujua. Vitambaa vikasogezwa, viti vikarudishwa ukutani, nikavua koti. Alininusa viganja. Hata pale, hata siku ile, alinusa viganja. Halafu akaupitisha mkono wangu nyuma, akaukunja, akaupandisha, akaniweka bega moja chini kwenye mkeka, shavu langu likielekea miguu ya kabati. Nikaona viatu vya mwenyekiti vikisogea karibu.

"Hapo ndipo ulipofika?"

"Bado."

Akapandisha. Maumivu yalikuja, nikayameza. Nilijua maumivu. Kisha, ndani yangu, si sikioni bali chini ya ngozi, kati ya mfupa na mfupa, nikasikia sauti ndogo, kama uzi mmoja unaokatika katika nguo iliyobanwa. Sikupata nafasi ya kusema achia. Mikono yake ilikuwa imeshafunguka. Alikuwa ameisikia kabla yangu.

Nikakaa, nimeushika mkono wangu, nikimtazama yeye tu. Alikuwa akihema.

"Haya," mwenyekiti akasema. "Limelia?"

"Limelia," nikasema.

"Mbona sisi hatukusikia? Nani amesikia?" Akawatazama vijana mmoja mmoja. Walitazama chini. Mpakuaji alijikuna shingo. Mwenyekiti akarudi kwangu, na katika macho yake niliona nikihama. Muda mfupi tu uliopita nilikuwa nimesimama upande wake kando ya mihogo, na sasa nilikuwa upande ule mwingine. "Na wewe, karani," akauliza, "wewe umepewa nini? Kanga au kitenge?"

Sasa wakacheka. Hakikuwa kicheko cha Kinyerezi. Nilitaka kuwaambia nilichokijua, nikatambua kwamba nilijua jambo moja tu: kwamba sauti ile ipo, na kwamba anayeshika huisikia kabla ya anayeshikwa. Kuhusu kanga sikujua lolote. Hata leo ninapoandika haya sijui, na nimejaribu kulijua kwa kila njia ambayo kalamu inaweza. Lakini nilijua pia kwamba mtu mwenye masikio hayo mikononi angeweza kabisa kuacha kila kitu alichokijenga kikaporomoka kuliko kukivunja kitu kimoja cha mwenzake. Nilisema, "Limelia," mara ya pili, kwa nguvu. Hakuna aliyelichukua kama ushahidi.

Mwalimu akachukua kofia yake. Hakumtazama mwenyekiti. Alisimama mbele ya yule bibi, ambaye sinia lake hakuna aliyeligusa.

"Mtani," akasema, "yule jogoo alikuwa mzee. Nitakuletea mwingine."

Bibi alijaribu. Nilimwona akijaribu kwa nguvu zake zote. "Lete..." akasema, akaishika ncha ya kanga yake. "Lete mwenye nyama. Msinidhulumu, nyie Wanyamwezi."

"Tutaona."

Alinipita, akaligusa bega langu kwa kiganja chake kikavu. "Usilalie upande huo," akaniambia. Kisha akaufungua ule mlango wa mninga. Mwanga wa mchana wa Temeke ukaingia hadi kwenye mkeka, ukatoka naye. Sote tulijikaza tukisubiri kishindo, na macho ya mwenyekiti yakaenda kabatini kwenye vikombe vyake. Hakukuwa na kishindo. Alikuwa ameushika mlango kwa nje, akausindikiza kidogo kidogo mpaka ukakaa mahali pake, na ndipo nilipousikia mkono wake ukiuachia.